Gongo ya Kasulu na vodka ya Ulaya: ndugu wawili, mmoja ana leseni

Najua nimepotea. Wiki mbili zilizopita zilikuwa za testi mfululizo, na bumu nalo lilichelewa, kwa hiyo hata hamu ya kuandika haikuwepo. Leo nipo kimbweta na chai ya rangi, nina jambo la kuwapa.

Semina yetu ya historia imeingia kwenye viwanda vidogo vya Afrika Mashariki, na kila mmoja alitakiwa achague kimoja akifanyie pepa. Haraka haraka chuma kikachukuliwa. Chumvi ya Uvinza ikachukuliwa na jamaa wa Tanga, mimi mtu wa Kigoma nimekaa namwangalia tu. Nguo za pamba zikaenda, ufinyanzi ukaenda. Nikasema basi, mimi naandika kuhusu gongo. Darasa likaangua kicheko, na mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Si bora hata ungeandika vodka, ingekuwa mada!"

Hiyo kauli imenikaa kichwani, maana mwenye kuisema hakujua kwamba vodka na gongo ni kitu kimoja. Sisemi kwa mzaha. Nimesoma siku tatu na ninaweza kuwaonyesha.

Tuanze na vodka yenyewe. Wengi tunaamini ni pombe ya viazi. Ukweli ni kwamba vodka nyingi duniani hutokana na nafaka, ngano na shayiri na jamaa zao, ila ya viazi ipo kweli, na Poland ndiko ilikoshika mizizi hasa karne ya 19. Kazi yenyewe ni hii. Kiazi kina wanga, na wanga haugeuki pombe wenyewe. Chachu inakula sukari, haili wanga. Kwa hiyo viazi vinachemshwa, vinapondwa, kisha vinachanganywa na kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa ikaota kidogo halafu ikakaushwa na kusagwa. Ndani ya kimea kuna kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Hapo ndipo chachu inaingia, inafanya kazi yake siku kadhaa, unapata togwa kali yenye pombe. Lakini pombe ya kuchachusha peke yake ina ukomo. Ikifika asilimia kama 15 hivi chachu inalewa na kufa kwa pombe iliyotengeneza yenyewe (kuna watu hapa bwenini wana historia kama hiyo, siwataji). Ukitaka kali zaidi lazima upike upya: pombe huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa kwanza kupanda una pombe nyingi kuliko maji. Uukamate, uupoze, udondoke kwenye chombo. Basi. Hiyo ndiyo vodka, kabla haijachujwa na mkaa, ikapunguzwa kwa maji na kubandikwa lebo yenye picha ya theluji.

Sasa toa kiazi, weka muhogo. Toa kimea cha shayiri, weka cha ulezi au cha mahindi. Toa mtambo wa kiwandani, weka pipa, bomba na beseni la maji ya baridi. Umefika Kasulu.

Na kuna jambo lilinifurahisha. Kiazi na muhogo vyote viwili ni wahamiaji kutoka Amerika Kusini. Kiazi kilitoka milima ya Andes karne ya 16 kikaenda Ulaya. Muhogo ulitoka huko Brazil kwa merikebu za Wareno ukaja Afrika, ukatembea bara zima hadi kwenye maziwa yetu. Wote wawili walipofika ugenini walidharauliwa kwanza, wakaonekana chakula cha njaa na cha maskini. Na wote wawili, baada ya muda, wakaishia kwenye mtambo. Kwa nini? Kwa sababu vinatoa wanga mwingi kwenye ardhi ndogo, na kwa sababu nafaka ni ya kula.

Hapa naomba mnivumilie niwapeleke Sweden kidogo, maana huko nimekutana na mama mmoja ambaye nimempenda. Anaitwa Eva Ekeblad. Mwaka 1746 alifanya majaribio ya kutengeneza unga na pombe kutokana na viazi, akapeleka matokeo kwenye Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Sweden. Mwaka 1748 wakampokea kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kabisa. Wakati ule shayiri na ngano nyingi ziliishia kwenye pombe huku watu wanakosa mkate, kwa hiyo kiazi kilionekana mkombozi: pombe iendelee, nafaka iliwe. Yaani mwanamke aliyepika pombe kali ya viazi alipewa kiti kwenye baraza la wanasayansi. Shikeni hiyo, nitairudia.

Lakini mfalme wao naye akanusa pesa. Mwaka 1775 Gustav III alitangaza kwamba kutengeneza pombe kali ni kazi ya viwanda vya mfalme tu. Wakulima waliokuwa wakipika nyumbani wakawa wahalifu kwa siku moja. Wakagoma, wakaendelea kupika kwa siri, na mwaka 1787 mpango ule ukaachwa. Upikaji wa nyumbani uliendelea hadi mwaka 1855 ulipopigwa marufuku. Urusi nako hadithi ni hiyohiyo kwa kipimo kikubwa: mwishoni mwa karne ya 19 serikali ilichukua biashara yote ya vodka mkononi mwake, na kufikia vita ya 1914 vodka ilikuwa inaleta karibu robo ya mapato ya dola. Poland ya zamani bwana mwenye shamba ndiye aliyekuwa na haki ya kutengeneza na kuuza pombe, na mkulima wake alilazimika kunywa ya bwana. Hata mtambo wa kisasa wa nguzo, unaotoa pombe safi mfululizo bila kusimama, ulisajiliwa mwaka 1830 na Aeneas Coffey wa Ireland, na kabla ya hapo bwana Coffey alikuwa afisa wa ushuru wa pombe! Alikuwa anawakimbiza wapikaji wa siri, halafu naye akaja kuwa mpikaji.

Haya, turudi nyumbani.

Watu wa Buha hawakuhitaji kufundishwa pombe na mtu yeyote. Nyanda za juu za Kasulu ni nchi ya migomba. Ndizi za pombe zinaivishwa kwenye shimo lililofunikwa majani, zinakamuliwa kwa nyasi kwenye mtumbwi wa mti, juisi inachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa, siku mbili tatu iko tayari. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, wanaiita urwarwa, na ile ya mtama impeke, na ukiwasikia Waha na Warundi wanazungumza utaelewa kwa nini hata pombe zao ni ndugu. Pombe hii ilikuwa na adabu yake. Ilipelekwa ukweni, ililipa msaragambo wa kulima, ilisuluhisha ugomvi. Watu walikaa, mirija kwenye chombo kimoja. Hakuna mtu aliyekunywa peke yake nyuma ya nyumba.

Ukishuka kwenda Kibondo migomba inapungua na mihogo inaongezeka. Na mihogo si ya jana tu. Wakati wa Waingereza wakulima walilazimishwa kulima mihogo kama kinga ya njaa. Miaka ya 1930 serikali hiyohiyo iliwahamisha watu wa upande wa Kibondo na kuwaweka kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa tena kwenda vijiji vya ujamaa. Mgomba unataka utulivu, unauacha ukuzoee, mtu na mgomba wake wanazeeka pamoja. Muhogo hauna shida hiyo. Unachomeka kijiti unaondoka. Mimi nadhani (ni mawazo yangu, mwalimu akikataa ni haki yake) kila mara watu wa huku walipohamishwa, muhogo ulipata nafasi zaidi na mgomba ukapoteza.

Na pombe ya kupika, gongo yenyewe, iliingiaje? Uganda na Kenya njia moja inajulikana vizuri: askari wa Kisudani, wale Wanubi waliokuja na Emin Pasha na baadaye wakachukuliwa na Waingereza, walikuja na ujuzi wa kupika araki. Kibera ya Nairobi ilijulikana kwa "Nubian gin" tangu enzi za mkoloni. Waganda wakaita yao waragi. Wapo wanaosema waragi ni "war gin", jini ya vita, lakini araki ya Kiarabu imekaa hapo wazi kabisa. Kwetu bara, kuna mambo mawili ambayo bila hayo gongo haiwezekani: chombo cha chuma na bomba. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo Waha wakawa moja ya makabila yaliyotoa manamba wengi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Mtu anakwenda anakaa miaka, anarudi na blanketi, baiskeli kama ana bahati, na mambo aliyoyaona. Mapipa ya mafuta nayo yakaja na magari. Sitashangaa kama mtambo wa kwanza kijijini kwetu ulikuja kichwani mwa manamba.

Mkoloni aliikuta na akaiogopa. Tayari kulikuwa na mikataba ya mataifa makubwa, ule wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, iliyozuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, na ule wa 1919 ukazuia hata kuitengeneza. Sababu zilizoandikwa zilikuwa za huruma: pombe kali inaharibu wenyeji. Lakini Mzungu mwenyewe aliendelea kunywa wiski yake klabuni jioni, na kwa sehemu kubwa ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua. Pombe ya kienyeji ya kuchachusha iliachwa, ila ilisukumwa kwenye vilabu vyenye kibali ili ilipe kodi. Ile ya kupika ikawa haramu moja kwa moja. Ndipo majina yakaanza kuzaliwa. Gongo. Moshi. Piwa. Nipa. Supu ya mawe. Machozi ya simba. Kitu halali kina jina moja. Ukiona kitu kina majina sita ujue kinakimbia polisi.

Uhuru ukaja. Hapa ndipo mimi nilipokaa kimya muda mrefu maktaba, kwa sababu nilitegemea sheria ile ingekufa na mkoloni. Haikufa, ilipewa jina jipya. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha Sheria ya Moshi, ya utengenezaji na ukenekaji wake. Ndugu zangu wa Kilimanjaro msikasirike, hii ni moshi ile ya mtungini, si mji wenu. Ukiisoma kichwa chake unaona kwamba lengo halikuwa kufuta, lilikuwa kudhibiti: mwenye leseni apike, asiye na leseni akikutwa nayo au akikutwa na mtambo, ni kosa. Waganda walifanya karibu hivyohivyo mwaka mmoja kabla, na Sheria yao ya Enguli: mpikaji awe na leseni na auze kwa kiwanda cha serikali, kiwanda kisafishe na kutia chupani. Ndivyo ilivyozaliwa Uganda Waragi, ile ya chupa mnayoiona. Wazo halikuwa baya hata kidogo. Mama wa kijijini angekuwa kama mkulima wa kahawa, anapeleka malighafi kiwandani na kupokea malipo.

Sasa niambieni: mama wa kijiji cha Kasulu mwaka 1966, au 1986, au 2006, leseni hiyo angeipatia wapi? Mimi nimekulia huko na sijawahi kusikia hata mtu mmoja mwenye leseni ya kupika moshi. Upande wa leseni ulibaki kwenye karatasi. Upande wa kukamatwa ndio uliopanda basi ukafika kijijini.

Na miaka ya 1970 taifa likapata pombe kali yake ya chupa, Konyagi, kutoka kiwanda cha Tanzania Distilleries pale Dar es Salaam. Malighafi ni molasi, yale masalia meusi ya kiwanda cha sukari ya miwa. Asilimia 35. Jina lenyewe limetoka kwenye cognac ya Wafaransa, ingawa ukionja hawafanani hata kwa mbali. Sina ubaya na Konyagi, wala siwaambii msinywe. Nataka tu muone kwamba kikemia, mtu anayepika gongo ya sukari guru Kibondo na yule anayepika Konyagi ya molasi Dar wanachemsha muwa uleule. Mmoja analipa ushuru na kufadhili michezo. Mwingine anatajwa kwenye habari ya kamanda wa polisi: "amekamatwa na lita 20 za gongo na mitambo ya kutengenezea." Mitambo! Pipa na bomba.

Niseme na ya kwetu, maana sikuichagua mada hii kwa ajili ya kuchekesha.

Shangazi yangu alikuwa anapika. Mume alifariki mapema, akabaki na watoto wanne na shamba la mihogo. Kabla ada ya sekondari za serikali haijafutwa mwaka 2016, kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na bweni 70,000, na bado hujaweka sare, godoro, michango na daftari. Leo unaweza kuona 70,000 ni hela ndogo tu. Lakini gunia la mihogo mikavu lilikuwa linauzwa kwa bei ya kutupa, na barabara ya vumbi ya wakati ule ilifanya mchuuzi apange bei anavyotaka. Muhogo uleule ukiugeuza gongo, unaubeba kwenye dumu kichwani, hauozi, na mteja anakufuata mwenyewe usiku. Hesabu hiyo haihitaji digrii. Binamu zangu wawili walimaliza kidato cha nne kwa pesa hiyo. Mmoja sasa ni nesi.

Nilikuwa darasa la sita walipomkamata. Alikaa ndani miezi, na mtoto wake wa mwisho akaja kulala kwetu, tukawa tunagawana blanketi. Nyumbani hakuna aliyesema neno gongo. Ilisemwa "shangazi amesafiri". Nakumbuka wanaume waliokuwa wakinywa kwake, wakiwemo watu wenye heshima zao, hakuna hata mmoja aliyeguswa. Na hii si ya kwetu tu. Popote Afrika Mashariki ukitazama ni nani anapika, utakuta wengi ni wanawake, wajane na walioachwa, na ukitazama ni nani anakunywa utakuta wengi ni wanaume. Sheria imeandikwa ikamfuata mwenye pipa.

Naomba sasa mkumbuke yule mama wa Sweden na kiti chake.

Siwezi kuandika historia ya Kibondo na Kasulu nikaruka makambi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuja kwetu. Mtabila, Muyovosi, Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Karago, Mkugwa: majina haya kwetu ni kama majina ya kata. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na 2015 Burundi ilipochafuka tena Nyarugusu ikafurika na Nduta ikafunguliwa upya. Sasa fikiria mtu mzima, mkulima, amekatazwa kutoka zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini, hana shamba, hana kazi, anapewa mgawo wa mahindi na maharage kila baada ya wiki kadhaa. Mahindi yale ni chakula, lakini pia ni kitu pekee cha thamani alichonacho mkononi. Sehemu yake ikawa pombe, na pombe ikawa sabuni, kitenge, kalamu ya mtoto. Warundi wana jina lao la pombe ya kupika, kanyanga. Wakongo wana lutuku, ya mihogo na mahindi. Kwa hiyo nyanda zetu zilikutanisha mila tatu za mtambo, zote haramu kwao na kwetu, na zote ukiziangalia ni pipa lilelile. Mashirika yalilalamika kwamba chakula cha watoto kinanywewa, na walikuwa na hoja. Wenyeji walilalamika kwamba wakimbizi wanawaharibia soko, na hao nao walikuwa na hoja, ya aina yake.

Msije mkadhani nimelipwa na wapika gongo. Pombe hii inaua, na nataka niseme inaua vipi, kwa sababu humu chuoni nimesikia maneno mengi ya uongo. Watu wanasema gongo ina methano kwa sababu imepikwa porini. Si hivyo. Ukichachusha wanga wa muhogo au mahindi, methano inayopatikana ni kidogo sana. Matunda yanatoa zaidi kidogo, bado si ya kuua. Vifo vile vya watu wengi kwa pamoja, watu kupofuka na kufa usiku mmoja, hutokea mtu anaponunua methano ya kiwandani, ya kusafishia rangi, akaichanganya ili apate faida ya haraka. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wa mitaa ya Mukuru. Yule hakuwa mama mwenye pipa la mihogo, alikuwa mfanyabiashara mwenye kemikali. Hatari za pipa lenyewe ni nyingine: risasi inayotoka kwenye maungio yaliyochomelewa, bomba lililookotwa mahali, na zaidi ya yote nguvu isiyopimwa. Leo dumu lina asilimia 30, kesho 50, mnywaji anajuaje? Na hata ikiwa safi kama machozi, baba anayekunywa nusu chupa kila siku ini lake halitauliza kama ilikuwa na lebo. Kwetu nimeona nyumba zilizoliwa na gongo hadi bati. Shangazi mwenyewe alikuwa haigusi, na alikuwa anawajua wateja ambao hakupaswa kuwauzia, akawauzia.

Kenya walijaribu njia nyingine. Mwaka 2010 walipitisha sheria mpya ya vileo iliyohalalisha chang'aa, kwa masharti ya chupa ya glasi, lebo na viwango. Mpikaji wa kawaida hana mashine ya kutia chupani, kwa hiyo kwake mambo yalibaki yaleyale na vifo havikukoma. Kwetu, Machi 2017, serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali vilivyokuwa vinauzwa hadi karibu na shule. Hapo niliunga mkono na bado naunga. Lakini tazameni kilichofanyika: kilichopigwa marufuku ni mfuko. Pombe yenyewe iliruhusiwa kurudi kwenye chupa, na makampuni yalipata nafasi ya kujieleza, kuomba muda, kuhesabu hasara zao magazetini. Hakuna aliyewahi kumuuliza mpika gongo wa Kibondo hasara yake ni kiasi gani.

Juzi nilimpigia shangazi. Siku hizi anauza maharage Kasulu mjini, na barabara ya lami imemsaidia sana. Nikamwambia, shikamoo shangazi, nina kazi ya chuo, nataka unieleze kimea cha ulezi ulikuwa unakitengenezaje. Kimya. Nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza taratibu: "Mwanangu, hayo unayoyaandika yanasomwa na nani?"

Nikamwambia ni mwalimu na wanafunzi wenzangu. Akauliza kama jina lake litakuwepo. Nikamwambia halitakuwepo. Akauliza tena. Nikarudia. Ndipo akaanza: unaloweka usiku mmoja, unamwaga maji, unafunika kwa majani ya mgomba, siku ya tatu ukiona zimetoa mkia mweupe usizidishe, anika juani, ukichelewa mkia ukawa mrefu utamu wote unapotea. Aliongea dakika ishirini bila kupumua, kwa mpangilio kuliko mihadhara mingine ninayoijua. Nimeandika yote kwenye daftari. Mahali pa jina la mtoa habari nimeandika: mwanamke, mkulima, Kasulu.